Utambuzi wa Rangi ya Kiwandani ya Gari la Kale: Uchambuzi wa Ushahidi Katika Volkswagen Beetle

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kutambua rangi ambayo gari la kale lilipakwa kiwandani kabla ya kuuzwa kwa mara ya kwanza. Gari linalotumika kama mfano ni Volkswagen Beetle, lililobuniwa Ujerumani na kusambaa katika nchi nyingi, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba hakuna ushahidi mmoja unaojitosheleza. Kumbukumbu za kiwanda zinahusu namba ya chasisi. Matabaka ya rangi yanahusu bodi. Vipimo vya maabara vinahusu hali ya rangi ilivyo leo baada ya miaka mingi ya jua, giza na mikono ya mafundi. Madai kuhusu rangi ya awali hukubalika pale ambapo aina hizi za ushahidi zimekusanywa kila moja kwa njia yake, kisha zikalinganishwa. Makala yanaonyesha pia kwamba ushahidi ulio katika bodi hauwezi kurejeshwa ukishakwanguliwa, na kwa hiyo uchunguzi hauna budi kutangulia matengenezo.

1.0 Utangulizi

Uundaji wa Beetle kwa ajili ya raia ulianza katika kiwanda cha Wolfsburg mwishoni mwa mwaka 1945, na gari la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, Meksiko, mwezi Julai 2003. Katika kipindi hicho yaliundwa magari zaidi ya milioni 21. Afrika Mashariki ililifahamu gari hili mapema. Lilishinda mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, na likatumiwa na watu wa kawaida mjini na vijijini kwa miongo kadhaa.

Gari lililotumika kwa muda mrefu kiasi hicho haliwezi kubaki na rangi moja. Hupigwa rangi baada ya ajali, baada ya kutu kula sakafu, baada ya kubadili mmiliki, au kwa sababu tu rangi ya zamani imepauka. Kwa hiyo gari linalofika kwa mtafiti au kwa fundi wa ukarabati huwa limebeba rangi tatu, nne au zaidi, moja juu ya nyingine. Swali la ni ipi kati ya hizo iliyotoka nalo kiwandani lina uzito wa aina mbili. Kwanza ni uzito wa kihistoria, kwa sababu rangi ni sehemu ya ushahidi wa jinsi kitu kilivyotengenezwa na kuuzwa katika zama zake. Pili ni uzito wa kibiashara, kwa sababu gari linalotangazwa kuwa na rangi yake ya kiwandani huthaminiwa tofauti na lile lililobadilishwa. Pale fedha inapohusika, madai yasiyothibitishwa huongezeka. Ndiyo maana utambuzi unahitaji utaratibu unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine.

2.0 Maana ya rangi ya kiwandani

Maneno "rangi ya kiwandani" hutumika kana kwamba yana maana moja. Kwa uchunguzi wa kitaalamu yanapaswa kugawanywa katika maana tatu.

Maana ya kwanza ni rangi iliyoagizwa, yaani namba na jina lililoandikwa katika kumbukumbu za kiwanda. Volkswagen ilitumia herufi L ikifuatiwa na tarakimu. Kwa mfano, L41 ni nyeusi, L87 ni nyeupe ya lulu, L380 ni feruzi, L390 ni buluu ya ghuba na L456 ni nyekundu ya rubi. Namba hutangulia jina kwa umuhimu, kwa kuwa majina hufanana, hutafsiriwa kwa namna tofauti katika kila soko, na wakati mwingine hurudiwa.

Maana ya pili ni rangi iliyopakwa, yaani mchanganyiko halisi ulioingia katika bunduki ya rangi siku ile. Mchanganyiko huo haukuwa sawa kabisa kila siku. Rangi ya namba moja iliyochanganywa kwa mikupuo tofauti huweza kutofautiana kidogo, ingawa kila mkupuo ulikubalika kiwandani.

Maana ya tatu ni rangi inayoonekana leo, yaani kile kilichobaki baada ya kuzeeka. Makosa mengi ya utambuzi hutokana na kuichukua maana hii ya tatu kana kwamba ni ya pili, au kuichukua ya kwanza kana kwamba inatosha kuthibitisha nyingine zote. Sehemu zinazofuata zinaeleza ni ushahidi gani unaohusu maana ipi.

3.0 Ushahidi wa maandishi

3.1 Namba ya chasisi na mwaka wa toleo

Hatua ya kwanza ni kusoma namba ya chasisi. Katika Beetle namba hiyo imegongwa kwenye mgongo wa katikati wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma, na huandikwa tena katika bamba lililo sehemu ya mizigo ya mbele. Namba mbili hizi zinapaswa kulinganishwa. Bamba huweza kufunguliwa na kuhamishiwa gari jingine kwa dakika chache. Namba iliyogongwa katika chuma cha sakafu haihamishiki kwa urahisi huo.

Namba hiyo humsaidia mtafiti kujua mwaka wa toleo, na hapa pana mtego. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, mwaka wa toleo wa Volkswagen ulianza mwezi Agosti, baada ya likizo ya kiwanda, na si mwezi Januari. Gari lililoundwa Septemba 1963 ni la toleo la mwaka 1964, na orodha ya rangi inayolihusu ni ya toleo hilo. Kuanzia Agosti 1964 namba zikawa za tarakimu tisa, ambapo tarakimu mbili za mwanzo huonyesha aina ya gari na ya tatu huonyesha mwaka wa toleo. Namba inayoanza na 115 ni ya toleo la 1965. Kuanzia Agosti 1969 zikawa za tarakimu kumi. Mtafiti anayetumia mwaka wa kalenda badala ya mwaka wa toleo anaweza kuikataa rangi sahihi kwa sababu tu haimo katika orodha aliyoifungua.

3.2 Kumbukumbu za kiwanda

Kwa magari yaliyoundwa Ujerumani, hifadhi ya kumbukumbu huko Wolfsburg imekuwa ikitoa cheti kinachotokana na namba ya chasisi. Cheti hicho hutaja tarehe ya kuundwa, rangi ya nje na nchi ambako gari lilipelekwa. Huu ni ushahidi wenye nguvu, kwa kuwa uliandikwa na mtengenezaji wakati wa utengenezaji na haukuandikwa ili kumshawishi mnunuzi wa leo.

Hata hivyo, una mipaka miwili. Mpaka wa kwanza unahusu mahali gari lilipounganishwa. Beetle iliunganishwa pia nje ya Ujerumani, ikiwemo Uitenhage nchini Afrika Kusini kuanzia mwaka 1951, pamoja na Brazili, Australia na Meksiko. Vipo viwanda vya nje vilivyotumia rangi na orodha zao wenyewe. Gari lililosafirishwa likiwa vipande na kupakwa rangi katika nchi nyingine haliwezi kuamuliwa kwa orodha ya Wolfsburg peke yake.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi na unatokana na muundo wa gari lenyewe. Bodi ya Beetle imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yenye chasisi, na inaweza kunyanyuliwa nzima. Namba ya chasisi imo katika sakafu, wakati rangi imo katika bodi. Kwa hiyo cheti husema kwamba sakafu hii ilitoka kiwandani ikiwa na bodi ya rangi fulani. Hakisemi kwamba bodi iliyo juu yake leo ndiyo ile ile. Katika mazingira ambamo vipuri vilikuwa adimu na mafundi walitengeneza gari moja kutokana na mawili, uwezekano wa bodi kubadilishwa si jambo la kupuuzwa.

3.3 Vibandiko na mabamba

Basi dogo la Volkswagen, maarufu kama Kombi, lilikuwa kwa miaka mingi na bamba la chuma lililogongwa alama za rangi na vifaa lililoagizwa navyo. Beetle haikuwa na bamba la namna hiyo. Namba ya rangi yake iliwekwa katika kibandiko cha karatasi, ambacho unyevu, petroli na mikono huweza kukiondoa. Kibandiko kikipatikana kinapaswa kupigwa picha kabla ya kuguswa. Inafaa pia kuchunguza kama kimekaa juu ya rangi ya awali au juu ya rangi iliyopakwa baadaye: kibandiko kilichobandikwa juu ya rangi ya pili si ushahidi wa rangi ya kwanza.

3.4 Kadi ya gari na picha za zamani

Kadi ya usajili hutaja rangi ya gari, lakini hutaja rangi iliyotangazwa wakati wa usajili au wakati wa kubadili umiliki. Thamani yake kubwa ni kuweka mpaka wa wakati. Kadi inayosema "nyeupe" mwaka 1971 huonyesha kwamba kufikia mwaka huo gari lilikuwa, au lilidaiwa kuwa, jeupe. Haielezi lililotangulia.

Picha za zamani zinahitaji tahadhari zaidi. Filamu nyeusi na nyeupe hazikuhisi rangi zote kwa kiwango kimoja. Aina ya zamani ya filamu isiyohisi wekundu iliweza kuifanya nyekundu ionekane karibu nyeusi. Picha za rangi nazo hupauka, na rangi zilizomo katika karatasi hazipauki kwa kasi sawa, hivyo picha nzima huweza kuelemea wekundu au unjano. Katika picha ya namna hiyo, kitu chenye rangi inayojulikana, kama vile bamba la namba au bendera, huweza kutumika kukadiria kiasi cha mabadiliko. Picha hufaa zaidi kwa kukanusha kuliko kuthibitisha: inaweza kuonyesha kwamba gari halikuwa jeusi, lakini ni vigumu itenganishe buluu mbili zinazokaribiana.

4.0 Ushahidi wa gari lenyewe

4.1 Mahali pa kutazama

Si kila sehemu ya gari ina uzito sawa kama shahidi. Madigadi manne ya Beetle, milango, boneti ya mbele na mfuniko wa injini hufunguliwa kwa bolti na hubadilishwa kwa urahisi. Rangi inayopatikana chini ya digadi inaweza kuwa rangi ya gari jingine lililokwisha kuwa chuma chakavu. Magurudumu pia hayafai kuchukuliwa kama kielelezo, kwa kuwa katika matoleo kadhaa yalipakwa rangi tofauti na bodi.

Sampuli zichukuliwe katika sehemu za bodi zisizofunguka: upande wa nyuma wa dashibodi unaofikiwa kupitia sehemu ya mizigo, chini ya tangi la petroli, chini ya mpira wa vioo, nyuma ya vitambaa vya ndani, na ukuta ulio nyuma ya kiti cha nyuma. Fundi anayepiga gari rangi upya kwa kawaida hufunika vioo na mipira yake, na mara chache huondoa tangi. Rangi yake huishia kwenye ukingo wa mpira, na ile ya awali hubaki chini. Ushahidi unaotakiwa ni ule unaorudiwa katika sehemu kadhaa zilizo mbali moja na nyingine. Rangi inayoonekana mahali pamoja tu huenda ni kiraka.

4.2 Kusoma matabaka

Njia ya gereji ya kusoma matabaka ni kusugua eneo dogo, la ukubwa wa sarafu, kwa msasa laini na maji, hadi chuma kionekane katikati. Ukisuguliwa kwa mteremko mpole, mzunguko huo huonyesha kila tabaka kama pete. Pete ya nje kabisa ni rangi ya karibuni, na ya ndani ni ya kale zaidi. Njia ya maabara ni kuchukua kipande kidogo sana cha rangi chenye matabaka yote, kukizamisha katika plastiki angavu, kukisugua upande mmoja, kisha kukitazama kwa hadubini. Njia ya pili huharibu eneo dogo zaidi na huacha sampuli inayoweza kuchunguzwa tena na mtafiti mwingine.

Kuhesabu matabaka hakutoshi, kwa sababu tabaka la chini si lazima liwe la kiwandani. Gari lililokwanguliwa hadi chuma kisha kupakwa upya litaonyesha tabaka la chini lililopakwa gereji. Yapo mambo matatu yanayosaidia kutofautisha.

Jambo la kwanza ni mfuatano. Rangi ya kiwandani hukaa juu ya praima iliyosambaa kwa usawa, hadi katika pembe na mikunjo ambako bunduki ya fundi haifiki. Praima inayopatikana katika sehemu za wazi tu, na kukosekana mafichoni, ni dalili ya kazi ya baadaye.

Jambo la pili ni uchafu. Kati ya tabaka la praima na tabaka la rangi yaliyopakwa kwa kufuatana kiwandani hakuna vumbi la barabarani. Palipo na mstari mweusi wa uchafu au mabaki ya nta kati ya matabaka mawili, pana muda wa matumizi uliopita. Mstari wa kwanza wa namna hiyo, ukihesabiwa kutoka kwenye chuma, ndio mpaka kati ya kiwanda na maisha ya gari.

Jambo la tatu ni puti. Puti ya poliesta inayotumika kujaza mabonde ya ajali ni kifaa cha gereji. Rangi yoyote iliyo juu yake imepakwa baada ya gari kuanza kutumika, hata kama inafanana na rangi iliyotajwa katika cheti.

5.0 Ushahidi wa maabara na vipimo

5.1 Aina ya utomvu

Kila rangi ya gari ina sehemu kuu mbili: chembe zinazoleta rangi, na utomvu unaozishika pamoja na kuzigandisha kwenye chuma. Aina ya utomvu husaidia kukadiria zama za tabaka. Beetle za zama zinazozungumziwa zilipakwa rangi za utomvu sanisi zilizokaushwa kwa joto katika tanuri. Mafundi wa gereji, ambao hawakuwa na tanuri, walitumia sana rangi za nitroselulosi, wanazoziita NC, kwa kuwa hukauka kwa hewa. Baadaye zilienea rangi za poliurethani zinazochanganywa na kigandishi, zinazojulikana kama 2K.

Kipimo chepesi ni kugusa tabaka kwa pamba yenye asetoni. Nitroselulosi huyeyuka na kuacha rangi kwenye pamba, wakati rangi iliyokaushwa kwa tanuri hustahimili kwa muda mrefu zaidi. Kipimo hiki ni cha awali tu. Uthibitisho hupatikana kwa spektroskopia ya infraredi, inayotambua utomvu kwa namna unavyofyonza mwanga usioonekana kwa macho. Tabaka la chini likionekana kuwa la 2K katika gari la mwaka 1963, mjadala wa kuwa ni la kiwandani hufungwa hapo, vyovyote rangi yake ilivyo.

5.2 Chembe za rangi

Kifaa cha mwanga wa eksirei hutambua elementi zilizomo bila kuharibu sampuli. Risasi na kromi vikipatikana pamoja katika rangi ya manjano, ya machungwa au nyekundu huashiria kromati ya risasi, iliyotumika sana katika rangi za magari za zamani. Leo kromati hiyo imewekewa vizuizi vikali kwa sababu ni sumu, na watengenezaji wa rangi hutumia chembe nyingine kupata mwonekano unaokaribiana.

Mabadiliko hayo yana matokeo kwa anayetaka kurudisha rangi ya awali. Rangi mbili zenye chembe tofauti zinaweza kulingana chini ya mwanga wa mchana na kutofautiana waziwazi chini ya taa ya balbu. Hali hiyo huitwa metamerizimu. Kwa sababu hiyo, ulinganishaji ufanywe chini ya aina mbili za mwanga au zaidi. Namba ya kiwanda iliyopelekwa katika duka la rangi leo hutoa mchanganyiko wa leo unaokaribia ule wa zamani. Haitoi rangi ile ile.

5.3 Kupima rangi na kupima uzee

Spektrofotomita hubadili mwonekano kuwa tarakimu. Katika mfumo wa CIELAB wa mwaka 1976, rangi huelezwa kwa vipimo vitatu: L kwa mwangaza, a kwa mhimili wa kijani na wekundu, na b kwa mhimili wa buluu na unjano. Tofauti kati ya rangi mbili ni kipeo cha pili cha jumla ya miraba ya tofauti za vipimo hivyo. Ili kueleza ukokotoaji, chukulia kielelezo cha feruzi chenye vipimo 60, −20 na −15, na sampuli ya gari yenye 58, −18 na −9. Tofauti ni 2, 2 na 6. Miraba yake ni 4, 4 na 36. Jumla ni 44, na kipeo chake ni takribani 6.6.

Tofauti ya kiasi hicho huonekana kwa macho. Mtu anayetazama jumla peke yake angeikataa sampuli. Lakini sehemu kubwa ya tofauti iko katika kipimo cha b, na imeelekea unjano. Huo ndio mwelekeo unaotarajiwa kwa utomvu uliozeeka. Kwa hiyo mwelekeo wa tofauti una maana kuliko ukubwa wake. Sampuli iliyoelekea unjano bado inaweza kuwa feruzi ya awali. Ile iliyohama kuelekea ubuluu kwa kiasi hicho hicho ingehitaji maelezo mengine.

Hapa panahitajika kusahihisha imani iliyozoeleka kwamba rangi iliyofichika haikubadilika. Jua hupausha chembe na kufanya uso wa rangi uwe kama chaki, na ni kweli kwamba sehemu za mafichoni huepuka madhara hayo. Lakini rangi za alkidi zenye mafuta huelekea kugeuka njano zikikaa gizani, na unjano huo hupungua kiasi zinapowekwa kwenye mwanga. Nyeupe iliyokaa miaka hamsini chini ya mpira wa kioo inaweza kuonekana kama rangi ya krimu, na mtafiti akaipa namba ya rangi nyingine kabisa. Kinga ni kupima sehemu ya mafichoni na sehemu ya wazi iliyong'arishwa taratibu, kisha kuzichukua kama ncha mbili ambazo rangi ya awali huenda ipo kati yake.

6.0 Ushahidi unapopingana

Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini umejengwa kwa hali zinazoweza kutokea. Beetle ya toleo la 1963 ina cheti kinachosema ilitoka Wolfsburg ikiwa L456, nyekundu ya rubi. Leo ni nyekundu. Mmiliki anataka kutangaza kwamba gari lina rangi yake ya awali. Uchunguzi wa matabaka nyuma ya dashibodi, chini ya tangi na chini ya mpira wa kioo cha nyuma unaonyesha mfuatano mmoja: chuma, praima, feruzi, mstari wa uchafu, nyeupe ya NC, kisha nyekundu ya 2K. Hakuna nyekundu yoyote chini ya mstari wa uchafu.

Mtu anayeamini hati peke yake angesema gari limerudishwa katika rangi yake. Mtu anayeamini bodi peke yake angesema cheti kimekosewa. Maelezo ya tatu ndiyo yanayoafiki ushahidi wote: sakafu yenye namba ilitoka kiwandani na bodi nyekundu, na bodi iliyopo sasa ilitoka kiwandani ikiwa ya feruzi, juu ya sakafu ya gari jingine. Maelezo haya yanaweza kupimwa. Kama ni kweli, huenda sehemu za bodi zinaonyesha dalili za toleo la mwaka tofauti, na bolti zinazoshika bodi na sakafu huenda zina alama za kufunguliwa. Tabaka la uchafu na rangi lililo kwenye sakafu linaweza pia lisilingane na lililo kwenye bodi.

Uchunguzi ukiyathibitisha hayo, swali "rangi ya awali ya gari hili ni ipi?" halina jibu la neno moja. Taarifa sahihi hutaja vyote viwili: namba ya chasisi ni ya gari lililokuwa jekundu, na bodi ni ya gari lililokuwa la feruzi. Kulipaka gari rangi nyekundu ni uamuzi halali wa mmiliki, na kunaweza kutetewa kwa cheti. Kinachokosa uhalali ni kuiita nyekundu hiyo rangi iliyobaki kutoka kiwandani, au kukwangua feruzi yote ili ushahidi unaokinzana usionekane tena.

7.0 Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, utaratibu wa utambuzi unaweza kupangwa katika hatua tano. Kwanza, namba ya sakafu na ya bamba zisomwe na kulinganishwa, na mwaka wa toleo pamoja na mahali pa kuunganishwa vibainishwe. Pili, cheti, kadi na picha vikusanywe, na kila kimoja kiandikwe kinathibitisha nini na hakithibitishi nini. Tatu, matabaka yachunguzwe katika sehemu tatu au zaidi za bodi zisizofunguka, kabla ya cheti kufunguliwa pale inapowezekana, ili msomaji wa matabaka asione anachotarajia kuona. Nne, utomvu na chembe za tabaka linaloshukiwa zipimwe, na vipimo vya rangi vichukuliwe mafichoni na mahali pa wazi. Tano, matokeo yaandikwe pamoja na kiwango cha uhakika: imethibitishwa, inaelekea, au haijaamuliwa.

Hatua hizi hazihitaji zote vifaa vya gharama. Fundi mwenye msasa laini, kioo cha kukuza, kamera na daftari anaweza kutekeleza sehemu kubwa ya hatua tatu za mwanzo, na kuhifadhi vipande vya rangi katika bahasha zilizoandikwa mahali vilipotolewa. Maabara inaweza kusubiri miaka; bahasha hizo hazitaharibika.

8.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba rangi ya kiwandani ni madai ya kihistoria, na huthibitishwa kama madai mengine ya kihistoria: kwa mashahidi wanaojitegemea wanaokubaliana, au kwa maelezo yanayoonyesha kwa nini hawakubaliani. Hati inajua namba, bodi inajua matabaka, na kipimo kinajua hali ya leo. Kila kimoja kikiulizwa swali lisilo lake hupotosha.

Hati ya Torino, iliyopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, inasisitiza uhifadhi wa vitu asilia na uwekaji wa kumbukumbu za kila kazi inayofanyika. Kwa upande wa rangi, msisitizo huo una sababu ya wazi. Cheti kikipotea, nakala nyingine inaweza kuombwa. Picha ikipauka, huenda ipo nyingine kwa jamaa. Tabaka la rangi likikwanguliwa kwa mashine au kuyeyushwa kwa kemikali, haliombwi popote. Kwa hiyo gari linapokabidhiwa kwa ukarabati, inashauriwa angalau eneo moja dogo la matabaka yote liachwe bila kuguswa, mahali pasipoonekana, na litajwe katika taarifa ya kazi. Eneo hilo halipunguzi uzuri wa gari, na litamwezesha mtafiti wa baadaye mwenye vifaa bora zaidi kuyapima upya madai yote yaliyotolewa.